Jiwe la Mahari ya Rehana

Alitawala katika mji wa Kandahuri sultani aitwaye Shahinuri, na katika hazina yake hapakuwa na tunu aliyoienzi kama jiwe jeusi lililoanguka uani kwake kutoka mbinguni, na mlinzi wa hazina hiyo alikuwa Karkadusi, jini mtumwa wa pete ya sultani. Siku moja waziri Harithi akabaini kuwa jiwe limebanduka pembe, na papo hapo akamleta barazani Sufiani mhunzi, amefungwa kamba, pamoja na jiwe jeusi ambalo mhunzi huyo alilitoa mahari kwa Rehana, binti aliyeikataa posa ya waziri.

"Maulana," akasema waziri, "mawe yote mawili ni meusi, mazito, na ya mbinguni. Asili yao ni moja: hili la mhunzi ndilo pembe iliyobanduka, naye ameifua isiingie tena penye pengo. Mwizi akatwe mkono."

"Langu nililiona likianguka nyikani miaka saba iliyopita, wallahi!" akalia Sufiani.

Kadhi Mughira akayapima mawe viganjani, naye akijua kwamba mkono uliokatwa hauoti tena.

"Dai nimelisikia na kiapo nimekisikia, ushahidi bado. Mimi na punda wangu, bwana waziri, sote tuna mvi na sote tunatoka mtaa mmoja, lakini hatukuzaliwa tumbo moja."

Sultani akacheka. Kwa kuwa mawe hayo yalikuwa ya chuma, kadhi akamuuliza mhunzi jinsi wahunzi wanavyotambua vyuma, naye akajibu kuwa husugua uso wa chuma hadi ung'ae, kisha hukitia siki kali, na chuma huonyesha msuko wake. Ikafanywa hivyo mbele ya wote, na jiwe la sultani likatoa mistari myembamba iliyopishana kama mkeka wa bibi harusi, na la Sufiani likatoa mipana kama jamvi.

"Jiwe moja laweza kuwa na misuko miwili!" akang'aka waziri.

"Hoja hiyo ina uzito," kadhi akakiri bila kupenda. Ilibidi kipatikane kipande chenyewe kilichobanduka.

Sultani akaisugua pete ili jini alirudishe jiwe hazinani, na Karkadusi akalibeba kwa mkono wa kushoto, akiguna. Kadhi akamkazia macho.

"Bega la kulia lina nini?"

"Nilipanda kudukiza siri za mbinguni, ee kadhi, nikapigwa kwa jiwe hili, nikaanguka nalo, na kipande kikabaki begani."

"Na miaka yote hukusema?"

"Jini wa pete hujibu tu. Hakuna aliyeniuliza."

"Neno lako pekee silipokei," akasema kadhi. "Mfungueni mhunzi, alete koleo."

Kipande kikang'olewa, na kikaingia penye pengo pasipo mwanya wa unywele, na kilipotiwa siki, msuko wake ulikuwa ule mwembamba. Jini akashusha pumzi hata mapazia yakapeperuka.

Waziri akavuliwa cheo, na Sufiani akafanywa mhunzi wa jumba na kujaaliwa mali. Siku ya nikaha kadhi akamuuliza bibi harusi, "Mahari hii umeiridhia?"

"Nimeiridhia, bwana kadhi, mradi hutaitia siki tena."

Wakaishi kwa raha na amani. Na hekaya hii inawausia wote wenye kuhukumu: kufanana peke yake si ushahidi, na shahidi aliyenyamaza aulizwe kwanza.