Kitoweo cha Bi Rukaiya

Bi Rukaiya wa Mkunazini alikuwa hajakanyaga njia kwa miezi minane. Hakufungwa na adui. Alifungwa na mapenzi ya mwanawe. Wakati wa masika aliteguka kifundo cha mguu, akatibiwa, akapona, na daktari akamwambia sasa atembee kidogo kidogo asije akakakamaa. Maneno hayo yalimwingia Fayaz, mwanawe wa pekee mwenye duka la vitambaa Mlandege, sikio hili yakatokea la pili. "Mama, ushafika miaka sabini na mbili. Umehangaika vya kutosha, pumzika," alisema, akamfungia kamba na kikapu dirishani, ghorofa ya tatu, ili kila anachokitaka kimfuate juu.

Mwanzo Bi Rukaiya alijiona malkia. Lakini mteremsha kikapu hachagui! Muuza nyanya alimtilia zilizobonyea, na Mkubwa, muuza samaki wa baiskeli, alimtilia waliokataliwa na wengine. Toka kule juu, utamfunua samaki mashavu kwa macho? Na miguu nayo, kwa kukosa kazi, ikazidi kuwa mizito, hata kutoka kitandani kwenda jikoni ilimbidi ashike ukuta.

Ijumaa moja alipandisha changu aliyenuka hata paka wa jirani akageuza uso. Alimtupa, akakaa mbele ya sahani ya wali mtupu, machozi yakamtoka. Yeye aliyepikia harusi za mtaa mzima, leo anakosa mchuzi kwa sababu ya ngazi zake mwenyewe! "La hasha," alijiambia. "Sikubali."

Kesho yake alishika kamba ya kushikilia iliyofungwa ukutani mwa ngazi, akateremka vipandio vitatu, akarudi. Magoti yalilia kama bawaba kavu. Siku ya pili vitatu tena, maana cha nne kilimshinda. Bi Salhiya wa ghorofa ya pili alimsikia akihema, akatoa kigoda akakiweka kwenye kona ya ngazi. "Siku utakayofika hapa, shoga yangu, utakaa tunywe kahawa," alimwambia. Wiki ya tatu kahawa ilinywewa. Wiki ya saba Bi Rukaiya aligusa mlango wa chini, akasimama pale akicheka peke yake.

Fayaz alipopata habari alikuja juu kama moto wa makuti.

"Mama, unataka kuvunjika nyonga? Basi! Nshapata nyumba ya chini kule Mtoni. Mwisho wa mwezi unahama."

 Nyumba hii ya Mkunazini Bi Rukaiya aliingia akiwa bibi harusi, na humo ndimo alimomzaa huyohuyo anayetaka kumhamisha. Hata hivyo hakupandisha sauti.

"Ijumaa n'takwenda Darajani kwa miguu yangu, ninunue kitoweo, nirudi nacho juu. Nikishindwa, n'tafunga virago mwenyewe. Nikiweza, usinitajie tena Mtoni."

Fayaz alikubali upesi, maana aliona keshashinda.

Siku ilipofika alimfuata mama yake nyuma, mikono mbele kama mtu anayenyemelea kuku. Sokoni walimkuta Mkubwa akijaza tenga la baiskeli yake.

"Eh! Bi Rukaiya, umeshuka!"

"Nimeshuka, Mkubwa, na macho yangu nimekuja nayo. Nipe huyo wa chini uliyemfunika."

Alimfunua mashavu, mekundu. Alimbonyeza mgongo, mgumu. Mkubwa alijikuna kichwa kwa haya, akampunguzia bei bila kuombwa.

Ikabaki ngazi. Kipandio cha ishirini Bi Rukaiya alisimama, kifua kinapanda na kushuka. Fayaz akanyoosha mkono.

"Usiniguse! Ahadi ni ahadi."

Akapanda, akapumzika, akapanda tena. Karibu na mlango wake aliona nyuma kumekuwa kimya, akageuka. Fayaz, anayeshinda juu ya kiti cha dukani akiletewa chai na sambusa, alikuwa ameketi kwenye kipandio, jasho linamchuruzika.

"Mama... ningoje kidogo."

"Kaa tu, baba, vuta pumzi," Bi Rukaiya alimjibu kwa huruma ya kweli. "Mimi natangulia kumpasua samaki."

Fayaz alipofika juu, vitunguu vilikuwa vishaanza kunukia. Alikula wali na changu wa nazi, akalamba vidole, ndipo akasema, "Ile nyumba ya Mtoni nnawaambia wampe mwengine. Na Ijumaa ijayo, mama, nipitie dukani twende sote sokoni."

"Nikupitie? Uje juu unichukue," alisema Bi Rukaiya, akimwongeza mchuzi. "Ngazi zenyewe vipandio arobaini na tatu tu."

Hakika hawakukosea wahenga waliosema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.