Pumzi Chini ya Tope Kavu

Kisome kisa hiki polepole, kisha mfikishie ndugu unayegawana naye urithi.

Mzee Mbonde wa bonde la Rufiji alipofariki, aliacha watoto wawili, shamba la mpunga na bwawa. Mtupa, mwanawe wa kiume, alichukua shamba lote. Dada yake, Siwema, akaachiwa bwawa, na mwaka huo wa ukame bwawa lilikuwa limekauka mpaka likapasuka nyufa.

"Kaka, mimi na wanangu tutakula nini hapa?"

"Kila mtu na fungu lake," Mtupa akajibu.

Tangu hapo Siwema akawa anashinda bwawani, amekaa kimya juu ya tope kavu. Watu wakasema msiba umemvuruga akili. Siku moja, jua likiwa la utosi, Mtupa akaenda kumtoa asimtie aibu. Hakumkuta. Akakatiza katikati ya bwawa.

Akasikia mtu anashusha pumzi.

Akageuka. Hapakuwa na mtu, wala upepo. Pumzi ikaja tena, nzito, chini ya nyayo zake. Nyingine ikatoka kushoto, nyingine nyuma. Penye ufa mmoja udongo ukainuka taratibu, ukashuka, kama kifua cha baba yake siku ile ya mwisho.

"Baba," akanong'ona, "nusu ya shamba ni ya Siwema. Nisamehe."

Alikimbia hadi kwa dada yake, akasimulia pumzi ile, akarudia maneno hayo mbele ya majirani. Siwema akamsikiliza, akachukua jembe, wakarudi wote bwawani. Hakuchimba sana. Chini kulikuwa na tope bichi, na ndani yake kambare mweusi mwenye ndevu ndefu. Samaki huyo akafungua mdomo, akameza hewa, akashusha pumzi ile ile.

"Kambare hujifukia hivi akingoja mvua," Siwema alisema. "Baba alinionyesha nikiwa mdogo. Nakaa hapa kuwalinda wasije wakachimbwa wakamalizwa."

Majirani wakamtazama Mtupa.

"Sasa umejua ni samaki," Siwema akasema. "Kauli yako unaifuta?"

Mtupa akamtazama yule kambare.

"Kambare hakusema neno," akajibu. "Habari ya shamba nimeitaja mwenyewe."

Akapiga magoti, akamfukia samaki yule kwa mikono yake. Kesho yake wakaenda kuweka mpaka shambani.

Funzo: Aliyedhulumu hahitaji mzimu wa kumtisha, moyo wake unajua. Nawe ukishaitamka haki kwa hofu, usiifute haki hiyo hofu ikishakutoka.