Nguchiro na Nyumba Aliyoipitisha Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanakaa majumbani, wanapika vyunguni na kufagia nyua zao kila asubuhi, palikuwa na Digidigi mmoja aliyejifungua mapacha. Wote walimwita Mama Pacha. Alikuwa mdogo wa umbo na mwoga kidogo, lakini kwenye kazi hakuwa na mchezo.

Masika fulani, mvua ilikiangusha kibanda chake, porooo! Mapacha walilowa, wakashikwa na kikohozi kilichokaribia kuwamaliza. Mama Pacha akaapa kwamba watoto wake hawatakulia chini ya kibanda kibovu.

Akamwendea Fundi Kifaru, mjenzi mkubwa wa nchi ile, mwenye nguvu nyingi na hasira za karibu.

"Fundi, nijengee nyumba imara, nami nitakulimia shamba lako misimu mitatu."

"Misimu mitatu? Anza kulima!"

Mama Pacha akalima. Chwa! Chwa! Chwa! Jua lake, umande wake, mpaka kwato zikachakaa. Msimu wa tatu ulipokwisha, nyumba ikawa imesimama.

Na ilikuwa nyumba ya kutazamwa, wacheni utani! Kuta zimepakwa chokaa mpaka zinaumiza macho. Paa limechongoka vizuri. Mlango ulikuwa mpana ajabu kwa mnyama mdogo kama Digidigi, kwa sababu Kifaru hakujua kujenga mlango ambao yeye mwenyewe hapiti.

Sasa sikilizeni desturi yao. Nyumba ikiisha, fundi huleta mkaguzi. Mkaguzi akiridhika hupaka alama ya tope juu ya mlango, kisha Mwenyekiti Nyumbu humkabidhi mwenye nyumba ufunguo mbele ya watu. Akishaupokea, basi tena. Ukuta ukianguka kesho, ni wake yeye na watoto wake.

Na mkaguzi wa Kifaru alikuwa nani? Fisi! Fisi huyo huyo aliyekula chakula cha mchana kwa Kifaru kila siku, na cha jioni pia kama kilibaki.

Siku moja kabla ya makabidhiano, jirani yake Mama Pacha alipita kumpongeza. Jirani huyo alikuwa Nguchiro, kimnyama chembamba chenye macho ya haraka, kisichoweza kuona tundu bila kulichungulia.

"Hongera, Mama Pacha! Nyumba hii! Lakini niruhusu niikague kidogo. Mkono wangu unawasha."

"Ingia, jirani. Macho yangu mimi yanaona chokaa tu."

Nguchiro akaingia. Akagonga ukuta. Ko, ko, ko... bwa!

"Mh! Hapa kuna uwazi."

Akaukwaruza, chokaa ikadondoka, na nyuma yake ukajitokeza ufa ulioanzia juu mpaka chini. Akapanda darini, akaubonyeza mti mkubwa wa paa kwa kidole. Kidole kikazama. "Huu umeliwa na mchwa, kisha ukapakwa masizi uonekane mpya!" Akaruka chini, sakafu ikalia kama ngoma. Akatoka nje, akafukua pembeni mwa ukuta, fuku fuku fuku, akitafuta msingi. Akafukua weee! Msingi hakuuona.

Mama Pacha alikaa chini pale pale uani. Aliwatazama mapacha wakicheza mlangoni, akaona mawingu ya masika yamekwisha anza kujikusanya nyuma ya kilima.

"Misimu mitatu, Nguchiro. Misimu mitatu nimelima."

"Inuka twende kwa fundi."

Wakaenda. Kifaru alikuwa anakula na Fisi, sinia moja.

"Fundi wangu," alianza Mama Pacha kwa sauti ndogo, "ukuta una ufa, na..."

"Ufa?" Kifaru akainua pembe. "Nani kasema?"

"Mimi," alisema Nguchiro.

"Wewe! Wewe kidude unayelala shimoni, unajua nini kuhusu nyumba? Mkaguzi yupo hapa anakula! Fisi, nyumba ikoje?"

"Imara kabisa," Fisi alijibu, na mfupa mdomoni.

"Lakini hujaikagua bado!" alidakia Nguchiro.

"Nitaikagua kesho. Na kesho nitaona kwamba ni imara kabisa."

Wakaenda kwa Mwenyekiti Nyumbu. Naye akakuna ndevu, akasema maneno yake ya kila siku: "Nguchiro, nani amekuteua? Mkaguzi anayetambulika ni yule anayeletwa na fundi. Kama fundi mwenyewe angekiri mbele ya watu, hilo lingekuwa jambo jingine."

Njiani kurudi, Mama Pacha alikuwa analia kimya kimya. Nguchiro alikuwa anafikiri. Mara akasimama.

"Mama Pacha, hivi mama yake mke wa Kifaru anakaa wapi?"

"Bi Mkubwa? Ng'ambo ya mto. Unamtakia nini?"

"Namtakia heri," alisema Nguchiro, akatoweka vichakani, fyuu!

Ili mwelewe, wanangu, lazima niwaambie adabu ya vifaru. Kifaru hamtazami mama mkwe wake usoni. Hamsemeshi. Akiwa na neno la kumwambia, hulipitisha kwa mtu wa tatu, na yeye hukaa nyuma ya kichaka na uso ameuinamisha. Anayevunja adabu hiyo, mkewe hurudi kwao siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya makabidhiano watu walijaa uani. Fisi alifika ameshiba. Hakuingia ndani hata hatua moja. Alisimama nje, akanusa, akafumba jicho moja.

"Nyumba safi! Nimekagua msingi, kuta, sakafu na paa. Naapa kwa meno yangu, haina kasoro."

Akachota tope, akapaka juu ya mlango. Pwaa!

Mwenyekiti Nyumbu akauinua ufunguo. Mama Pacha akaunyoosha mkono wake kuupokea. Nguchiro hakuonekana popote. Kumbe kaniacha, aliwaza, kaniacha peke yangu na majitu haya!

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Watu wakageuka. Nguchiro huyo anakuja mbio, na nyuma yake ardhi inatikisika, ndi! ndi! ndi! Bi Mkubwa anakuja, kifaru mzee mnene kuliko wote, amejitanda khanga mpya na mkeka begani.

Kifaru alipomwona, hamadi! Aliruka nyuma ya kichaka, akainamisha uso mpaka pembe ikachoma mchanga.

"Mwenyekiti, samahani," alisema Nguchiro akihema. "Bi Mkubwa amekuja kuiona kazi ya mume wa binti yake. Nilimwambia kwamba mkwewe anaona haya kumwalika mwenyewe. Anaomba awe wa kwanza kuingia, aibariki nyumba, alale mchana kidogo kwa mkeka wake. Mama Pacha, unakubali?"

Mama Pacha hakuelewa kitu, lakini alimwona Nguchiro akimkonyeza.

"Karibu, mama yangu. Karibu sana."

"Asante, mwanangu," alisema Bi Mkubwa, akauelekea mlango.

Kutoka kichakani ikasikika sauti nyembamba, isiyofanana na mwenyewe. "Psss! Nguchiro! Mwambie asiingie!"

"Nini? Sema kwa sauti, fundi, masikio yamejaa vumbi la safari!"

"Mwambie asiingie! Nyumba... bado mbichi!"

"Mbichi?" Nguchiro alishangaa. "Fisi ameapa kwa meno yake sasa hivi. Fisi, nyumba ni mbichi?"

Fisi akamtazama Mwenyekiti, akatazama kichaka. "Ni... ni kavu."

"Bi Mkubwa, ni kavu. Endelea."

"We Nguchiro!" Kichaka kilitikisika. "Mzuie!"

"Fundi, mimi mdogo hivi nimzuie mama wa watu bila sababu? Huo utakuwa utovu wa adabu. Nipe sababu, nami nitaifikisha."

Bi Mkubwa alikuwa ameinua mguu juu ya kizingiti.

"Kizingiti!" alilia Kifaru. "Asikanyage kizingiti! Kimekalia mchanga mtupu!"

Mwe! Watu wote wakakigeukia kichaka. Nguchiro akainama kwa heshima.

"Bi Mkubwa, mkweo anasema ukiruke kizingiti, kimekalia mchanga mtupu."

"Nashukuru kwa kunijali," alisema Bi Mkubwa, akakiruka. Akatandika mkeka katikati ya chumba, akaanza kukunja magoti akae.

"Asikae hapo! Nguchiro, chini ya sakafu kuna shimo! Udongo wa kuta niliuchimba humo humo, nikafunika kwa fito!"

"Bi Mkubwa, mkweo anasema unakaa juu ya shimo."

"Ah!" Bi Mkubwa akasimama haraka, akasogea ukutani.

"Na ukuta! Ukuta una ufa, ni chokaa tu inayoushika!"

"Bi Mkubwa, na ukuta..."

"Nimesikia. Basi nisimame hapa chini ya mti wa paa."

"Uuuwi! Mchwa!" Jasho lilikuwa linamtiririka Kifaru mpaka puani. "Mti umeliwa na mchwa! Mtoe, Nguchiro, mtoe nje, nakuomba!"

Mama Pacha alikuwa amesimama kama amepigiliwa. Kila neno la Kifaru lilikuwa linamtua mzigo mmoja. Alitaka kucheka, akaogopa. Alitaka kulia, akaogopa pia.

Bi Mkubwa akatoka nje taratibu, anapepea uso kwa ncha ya khanga. "Nimechoka jamani. Niegemee hapa nje nipumzike." Akaugeuzia ukuta mgongo wake mpana.

"ASIEGEMEE!" Kifaru alipiga ukelele uliowafanya kwale waruke porini. "Nyumba haina msingi! Itamwangukia! Haina msingi hata kidogo!"

Watu wote wakamgeukia Mwenyekiti.

Mwenyekiti Nyumbu aliutazama ufunguo mkononi mwake, akaurudisha mfukoni. Kisha akamtafuta Fisi kwa macho. Fisi alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea njiani, mkia umefichwa.

"Fisi! Msingi uliokagua ni upi?"

"Mimi... mimi huwa nakagua kwa pua, Mwenyekiti."

"Kwa tumbo, labda!" alidakia Nguchiro, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Lakini Bi Mkubwa hakucheka. Alimtazama Mama Pacha, akawatazama mapacha wawili wadogo wanaomshikilia mama yao miguuni. Uso ukamwiva.

"Nguchiro, mfikishie mume wa binti yangu maneno haya. Mwambie kumbe anajua kabisa nyumba inayofaa mtu na isiyofaa. Mimi amenihurumia, watoto hawa je? Mwambie aibomoe yote na aanze upya, leo. Mimi nitakaa pale chini ya mgunga mpaka iishe, na atakayeingia kwanza ni mimi."

"Fundi, Bi Mkubwa anasema..."

"Nimesikia!" ilijibu sauti kutoka kichakani, kama ya mtu aliyemeza jiwe.

Basi Kifaru akajenga. Lo, alivyojenga! Siku kumi na mbili, kuanzia alfajiri, uso ameinamisha, Bi Mkubwa ameketi palepale akisuka ukili na hasemi neno. Msingi ulichimbwa mpaka Nguchiro akaingia humo akapotea masikio. Fisi alihukumiwa kubeba mawe ya msingi kwa mdomo, moja moja, na siku hizo zote hakupata hata mfupa wa kulamba. Na kila jioni Nguchiro alipita akagonga, akafukua, akabonyeza. "Fito hii itoe." Kifaru aliitoa. "Hapa rudia." Kifaru alirudia. Akinung'unika tu, Bi Mkubwa alikohoa, na Kifaru alinyamaza.

Siku ya kumi na tatu Bi Mkubwa aliingia, akalala usingizi wa mchana, akakoroma, akaamka mzima. Mwenyekiti akamkabidhi Mama Pacha ufunguo, na akatangaza kuwa tangu siku hiyo mkaguzi ataitwa na mwenye nyumba, si na fundi.

Mvua haikuchelewa. Ilishuka alasiri, na ngurumo zake, gudugudugudu! Maji yalipiga paa, upepo ukasukuma kuta kwa nguvu zake zote. Mama Pacha alizunguka chumba chote, anaweka pua pembeni, anapapasa ukuta, anatazama juu akingoja tone la kwanza.

Tone halikuja.

Alizunguka tena. Kukavu. Mapacha walikuwa wanacheza katikati ya sakafu, hawajui kama nje kuna mvua. Hapo ndipo Mama Pacha alipokaa chini, akashusha pumzi ndefu aliyoizuia tangu kibanda kilipoanguka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafungua mlango kidogo, akamwita Nguchiro aje wanywe uji wa moto pamoja.

Hadithi yangu imefika nyumbani, nanyi mkue nalo hili: anayekula kwa fundi asikukagulie nyumba yako.