Mkuu wa Ua na Madoa Yasiyotajwa

Enyi mlioketi, naanza!

— Anza, tunasikiliza!

Nikikosea?

— Tutakwambia!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na ua mmoja wa kuku na bata. Adui yao alikuwa Mwewe. Kila siku alishuka, akabeba kifaranga, akaenda zake.

Siku moja Kanga, mwenye madoa mwili mzima na upara kichwani, akatokea porini. Akamwona Mwewe akiwa bado mbali huko juu, akapiga kelele: “Ke-ke-ke-keee!” Kuku wote wakakimbilia chini ya ghala. Mwewe akarudi na kucha tupu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa vivyo hivyo. Basi kuku na bata wakapatana, wakamfanya Kanga mkuu wa ua.

Sasa, Jogoo alikuwa mpenda adabu kupita kiasi. Akapanda juu ya kinu, akatangaza:

“Mkuu wetu asionekane mgeni! Kuanzia leo ni marufuku kutaja madoa. Ni marufuku kutaja upara. Ni marufuku kutaja pori. Atakayetaja, nitamnyofoa unyoya!”

Bata akasema, “Jamani, mvua imeacha madoa ukutani.” Nyofo! Unyoya ukang'oka.

Kuku Mweusi akasema, “Mwanangu anaumwa, ameota upara.” Nyofo!

Bibi Mtetea, ajuza asiyesikia vizuri, akauliza kwa sauti kubwa, “Huyu mkuu wetu, kwani kwao ni porini?” Nyofo, nyofo! Huyo alinyofolewa mawili kwa ajili ya ile sauti.

Tangu hapo, Kanga akipita, kila mtu alitazama chini. Hata alipoacha mtama wa ua nje, mvua ikanyesha na mtama wote ukaoza, hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alijiambia, “Nikimlaumu, Jogoo atasema nimemsema madoa.”

Juu ya paa alikaa Kunguru, na yeye sheria ya Jogoo haikumfikia. Akainama, akanong'ona:

“Sss! Mnajua yale madoa yanaambukiza?”

“Sss! Mnajua Kicheche, yule mla kuku, ni mjomba wake?”

“Sss! Mnajua akipiga zile kelele, huwa anamwita Mwewe?”

Kuku wakatetemeka. Wangemuuliza Kanga mwenyewe, lakini wangemuulizaje bila kunyofolewa?

Asubuhi iliyofuata Mwewe akaja. Kanga akalia, “Ke-ke-ke-keee!” Kuku wakatazamana. Hakuna aliyekimbia, kila mmoja akidhani kelele zile ni mtego. Mwewe akashuka, puu! Akamkamata Jogoo kwa nyuma. Jogoo akajivuta, akaponea chupuchupu, lakini mkia wote ukabaki kwenye kucha za Mwewe.

Kanga akawakusanya, moyo ukimuuma.

“Mbona hamkukimbia?”

Wote wakatazama kucha zao.

“Nitazameni. Mimi ni nani?”

“Mkuu wetu,” akajibu Jogoo.

“Mkuu wa aina gani?”

“Wa aina... nzuri.”

“Na mwilini nina nini?”

Jogoo akatazama mawingu. “Una... una afya.”

“Ana madoa!” akapayuka Bibi Mtetea. “Kwani nyote mmepofuka?”

Jogoo akamrukia amnyofoe. “Mwache!” akasema Kanga, huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. “Madoa haya alinipa mama yangu, nami nayapenda. Kwetu ni porini. Ulizeni mnachotaka!”

Jogoo akasema kwa unyonge, “Na mkia wangu, nao utatajwa?”

“Utatajwa!” wakajibu wote.

“Madoa yanaambukiza?” akauliza Bata.

“Umenilalia ubavuni msimu mzima wa mvua. Una doa hata moja?”

Bata akajikagua huku na huku. Hana.

“Kicheche ni mjomba wako?” akauliza Kuku Mweusi.

“Kicheche amekula dada zangu watatu,” akajibu Kanga, na hapo hakucheka.

“Kumbe! Na mtama je, umeoza kwa sababu ya madoa?” akauliza tena Bata.

“Wacha upuuzi!” akasema Bibi Mtetea. “Umeoza kwa sababu hakuufunika. Ni uvivu!”

Maneno hayo yalimchoma Kanga kuliko yote ya madoa.

“Ni kweli,” akasema. “Nililala. Nisameheni, nitaokota mwingine kwa mdomo wangu mwenyewe.”

Ndipo wote wakageuka kutazama paa. “Kunguru! Shuka, uyarudie kwa sauti yale uliyotunong'onia!”

“Mimi?” Kunguru akajikuna shingo. “Mimi nilisema tu... leo jua kali.” Akaruka, na katika ua ule hakuonekana tena.

Ngano hii inatufundisha hivi: asili ya kiongozi si matusi, itajeni waziwazi, maana mkiificha mtawaachia wanong'onaji waiseme wapendavyo. Lakini akikosea kazi, mlaumuni kwa kazi, msiyasingizie madoa yake.

Ngano yangu imeishia hapo. Kama ilikuwa tamu, nendeni nayo nyumbani. Kama ilikuwa chungu, niachieni mwenyewe.