Kikuba cha Zaituni

Sogeeni, wanangu, na anayesinzia aamshwe. Palikuwa na mjane, Bi Mwanatumu, aliyepanda asumini kati ya minazi ya marehemu mumewe. Asumini zikaanza kunyauka. Jini akateremka kutoka kileleni mwa mnazi, akamwambia, "Nitazichanusha mwaka hadi mwaka. Mchumie umtakaye, ila binti yako. Siku utakayomchumia yeye, asumini zote zitakufa." Binti huyo, Zaituni, alikuwa bado mtoto wa mgongoni, na nyumbani hapakuwa na chakula. Mama akakubali, akawa anawauzia watu maua yake.

Zaituni akakua. Siku ya Idi akaomba, "Mama, nipe asumini." Akanyimwa. Siku ya posa akaomba tena, akanyimwa.

"Ni sharti la jini, mwanangu," mama akasema huku analia.

"Jini gani? Sema tu hunipendi." Akahamia kwa shangazi yake.

Siku ya harusi mama hakustahimili. Asubuhi alichuma maua, akayafunga pamoja na majani ya mrehani yanukiayo, akatengeneza kikuba cha bibi harusi kuvaa kifuani. Nyuma yake asumini zikakauka, shina baada ya shina. Hakugeuka.

Alipofika kwa shangazi, Zaituni alikuwa amekwisha kupambwa kwa maua ya watu wengine. Akakitazama kile kikuba, akasema, "Wapelekee wateja wako, mama."

Bi Mwanatumu akarudi nacho mkononi, akaketi chini ya minazi, akakinusa mpaka harufu ikaisha.

Ngano yangu naitua hapo. Msiniulize kama Zaituni alikuja kumwona.