Honi Mbili za Dereva

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Maana yake, anayejitafutia balaa hailipi peke yake. Jamaa zake nao hulipa, hata kama walimkanya.

Mwongoza wageni katika hifadhi ya msitu alikuwa na hasira za mkizi. Mdogo wake, dereva wa gari la watalii, alikuwa amewazoesha nyani mkate. Akipiga honi mbili tu, nyani hushuka mitini mbio hadi dirishani, na wageni humpigia makofi.

"Nimekwambia mara ngapi?" dada alimfokea. "Nyani akizoea mkono wa mtu haombi tena, anapora!"

"Aa, dada nawe! Wewe unawatembeza watu saa tatu nzima, wanaambulia kuona kinyesi cha nyani tu!"

Maneno hayo yalimchoma. Njia ya miguu aliyowapitishia wageni msituni aliifyeka mwenyewe, mwaka wa sita sasa, na ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alitaka kumshtaki kwa mkuu wa hifadhi, lakini damu ni nzito kuliko maji. Akameza hasira, akanyamaza.

Jumamosi mama yao alikuja kuuona msitu kwa mara ya kwanza. Alitembea polepole na binti yake, mkoba wa chakula begani, akicheka kila alipoona kipepeo. Dereva aliwangoja barabarani, njia inapoishia. Alipowaona kwa mbali akataka kumfurahisha mama. Akapiga honi mbili.

Nyani walishuka kama mvua. Waliunusa mkate mkobani kabla hawajalifikia gari. Dume kubwa lilimrukia mama, na bibi wa watu, asiyejua kitu, akaung'ang'ania mkoba wake. Likamng'ata mkono mpaka mfupa ukaonekana.

Kabla jua halijatua dume lilipigwa risasi, njia ikafungwa, na dereva akafukuzwa. Mkuu akamgeukia dada.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi nawe rudisha sare."

Hospitalini dereva alijitupa miguuni pa dada yake, akilia. "Dada, nisamehe. Nilitaka mama afurahi tu."

"Inuka hapo!" alifoka, huku machozi ya hasira yakimtoka. "Kazi umenipotezea, mama umemlemaza, na mnyama wa watu amekufa bure. Mkate wako, mwanamume wewe, tumeula sote!"

Kweli, mchuma janga hula na wa kwao.