Sange na Ukanda wa Uhai

Haya, kaeni vizuri, na leo asinikatize mtu. Hapo zamani za kale, mbali kuliko jicho linavyofika, palikuwa na sayari iliyozunguka nyota kibete, ndogo, nyekundu kama kaa la moto. Sayari ile iliikaribia mno nyota yake, ikawa inaielekezea uso mmoja tu daima. Upande huo ulikuwa mchana usiokwisha, unaunguza. Upande wa pili, giza na barafu. Katikati palikuwa na ukanda mwembamba wenye maji na majani.

Tembo na Kifaru wakajenga katika ukanda huo, wakawafukuzia wanyama wadogo kwenye barafu.

Sange, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, akaja mbio kupiga hodi.

"Jamani, mwanangu anatetemeka, hata kunyonya hawezi! Nipeni pa kumlaza."

"Nafasi hakuna," Tembo akasema. "Huyu Kifaru amenibana."

"Mimi? Sogea wewe!"

"Sogea wewe!"

Puu! Paa! Wakasukumana mpaka wakaikanyaga bustani yao wenyewe.

"Aaah! Mmenichosha!" Sange akafoka. Kisha akalainisha sauti. "Waheshimiwa, mnagombea uchochoro wa nini? Bwana Kifaru, upande wa mchana ni mpana. Bwana Tembo, upande wa barafu nao ni mpana. Haki ya nani, huko hamtabanwa na mtu."

"Mbona hukusema mapema?" wakamkaripia, wakafunga mizigo. Kifaru huyooo, Tembo huyooo!

Papo hapo Sange akamleta mwanawe, akamlaza kwenye majani yenye vuguvugu. Wanyama wadogo wakaingia nyuma yake, wakajenga.

Haukupita muda, Kifaru akarudi anachechemea, nyayo zimeungua. Tembo naye akaja, mkonga umekakamaa kama gogo.

"Mwongo wewe!" wakanguruma.

"Uongo upi? Kwani huko si kupana? Kuna aliyewabana?"

Wakatazamana.

"Tunaomba kuingia," Tembo akanong'ona.

Sange akashusha pumzi ndefu. "Ningekuwa na roho kama zenu, mngebaki huko huko. Haya, ingieni. Ila kila mtu na kipande chake, na nikisikia tena hiyo sogea-sogea, mtanijua!"

Wakaingia wameinamisha vichwa, wakapita polepole wasimwamshe mtoto.

Mahali penye uhai ni padogo, wanangu. Anayepataka pote peke yake huishia kupaomba.